Nilijisifu kazi yote iko mtandaoni, kumbe folda moja iko chumbani kwa mama mkwe

Wakuu, habari za saa hizi.

Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili kwa muda mrefu, nacheka mikasa ya wenzangu halafu napita kimya kimya. Leo ni zamu yenu kunicheka mimi. Ninachoandika ni kweli tupu, na asiyeamini afike Mwakitolyo aulizie "yule kijana wa ndala". Ataonyeshwa mpaka benchi nililokalia.

Uzi ni mrefu kidogo. Wenye haraka watangulie, tutakutana kwenye comments.

Mimi ni Msukuma wa Shinyanga mjini, yaani Kisukuma nakisikia vizuri ila nikikiongea bibi yangu anacheka. Naishi Geita, kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya kompyuta. Nina mchumba anaitwa Kabula, ana duka la vitenge Chato. Mambo yetu yalikuwa yameiva, kikwazo kikabaki kimoja tu, baba yake.

Mzee Nkwabi nyumbani kwake ni Segese, lakini shughuli zake ziko Mwakitolyo, ambako ni mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji wadogo. Ni mtu wa maneno machache. Siku Kabula alipomtajia habari zangu, mzee aliuliza kijana anafanya kazi gani. Akaambiwa kompyuta. Akauliza, "Anaziuza au anazitengeneza?" Kabula akamwambia hapana, anaandika programu.

Mzee akafikiri, kisha akasema, "Kwa hiyo hana kazi."

Iliniuma, sifichi. Lakini ukikaa na watu ambao jasho lao linaonekana kwa macho, wanashusha mtu shimoni kwa kamba na anapanda na jiwe, ni vigumu kuwaeleza kwamba wewe umeshinda umekaa na umechoka.

Sasa sikilizeni habari ya ndala, maana bila ndala hamtaelewa huu uzi.

Kikundi cha mzee kina karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Kila mwenye duara, yaani shimo lake la kuchimba, analeta viroba vyake vya mawe na kusubiri zamu. Foleni inaweza kwenda kutwa nzima. Hakuna mtu wa kusimama juani kutwa nzima, kwa hiyo watu wa pale walijiwekea utaratibu wao. Unavua ndala moja, unaiweka kwenye mstari, unaondoka na nyingine mguuni. Foleni ikisogea, wa nyuma yako anaisogeza ndala yako pamoja na yake.

Ukifika pale unakuta mstari wa ndala umenyooka vizuri, hakuna mtu hata mmoja. Na vibandani unakuta wanaume wazima wanakula wali wamevaa ndala mguu mmoja.

Utaratibu ni mzuri mpaka siku ndala mbili za bluu zinapofanana. Au mbwa anapopita. Ugomvi wa pale mzee alikuwa ameuamua mpaka amechoka, na mara ya mwisho watu walikaribia kutoana damu.

Ndipo akamwambia Kabula, "Huyo kijana wako aje atuondolee ndala. Wanachama wakiiona kazi yake ikifanya kazi kwa macho yao, alete wazee wake tuzungumze. Isipofanya kazi, jina lake nisilisikie tena hapa nyumbani."

Kabula alinipigia simu analia na kucheka kwa wakati mmoja. Nikamwambia atulie, foleni ni kazi ndogo sana.

Wakuu, ogopeni hayo maneno, "kazi ndogo sana".

Nikatengeneza mfumo. Nikauita foleni. Mwenye duara anafika, karani anamwandikisha, mtu anaenda zake kula. Zamu ikikaribia anapata SMS. Hakuna ndala.

Sehemu ya kutuma SMS nilikuwa nayo tayari. Nilianza kuiandika zamani kama mradi wa peke yake, ina folda yake inaitwa ujumbe, na siku ile ya kwanza niliipa git yake kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kuipandisha popote, inakaa tu kwenye laptop. Sasa mimi nikaichukua ile folda nzima nzima nikaitumbukiza ndani ya foleni. Git ndani ya git.

Kwa wale ambao si wa fani hii, git ndiyo inayotutunzia historia ya kazi. Kila hatua uliyofanya inawekwa, ndiyo commit, pamoja na maelezo mafupi unayoandika mwenyewe. Halafu unaipandisha mtandaoni, yaani unapush, ili hata mashine ikifa kazi ibaki.

Nilipofanya git add, yaani kuiambia git ichukue mafaili, yakatoka maandishi ya njano marefu. Yalikuwa yananiambia ndugu, hiyo folda ina git yake ndani, mtu atakayechukua kazi yako hataipata hiyo. Yalisema wazi kabisa. Na mimi nikayafanyia kile ambacho sote tunayafanyia maandishi ya njano.

Nikapush. Ikapanda. Nikachungulia mtandaoni, folda ya ujumbe naiona ipo. Ina kialama cha ajabu pembeni na ukiibonyeza haifunguki, nikasema mtandao wa Geita leo mzito.

Siku ya kuamkia demo, yaani siku ya kuwaonyesha wanachama mfumo, nikaenda Segese, ili asubuhi niondoke na mzee kwa pikapu yake. Huko ndiko nilikojichimbia kaburi.

Wakati wa maongezi sebuleni mzee aliniuliza kazi yangu naibebea wapi, maana aliona begi dogo tu. Nikapata nafasi ya kujieleza. Nikamwambia, "Mzee, sisi siku hizi hatubebi. Kila kitu kiko juu. Hata hii laptop ikiungua sasa hivi, kesho nakaa kwenye mashine yoyote naishusha kazi yote."

Mzee akatazama dari. Akauliza, "Juu wapi?"

Nikacheka kicheko cha msomi. Mungu anisamehe.

Asubuhi nikafanya marekebisho ya mwisho kwenye ile ujumbe. Nikaadd, nikacommit, nikapush kutokea folda kubwa ya nje. Git ikaniandikia kwa rangi nyekundu kwamba ujumbe bado ina mabadiliko. Nikaadd tena. Bado nyekundu. Nikasema git ya leo ina homa, nikaachana nayo.

Laptop yangu betri ilishakufa, inaishi kwa waya tu. Nikaona nisihangaike nayo, ofisi ya kikundi kuna kompyuta ya mezani na jenereta. Nikaiacha pale kwenye chumba cha wageni, tukaondoka. Si kila kitu kiko juu?

Mwakitolyo walikuwa wamejiandaa. Walikodi TV kubwa kutoka kibanda cha kuonyeshea mpira, ikafungwa mbele ya ofisi, watu wamekaa kwenye mabenchi na juu ya viroba. Kuna jamaa mmoja mwenye duara anaitwa Hamisi, mtu wa Kigoma, alikuwa mstari wa mbele kabisa na ndala yake moja. Nyingine ilikuwa kwenye foleni. Alisema haitoi mpaka aone.

Mzee akanitambulisha kwa maneno yake machache. "Huyu ni fundi. Ataonyesha."

Nikashusha kazi mtandaoni, ikashuka vizuri. Nikawasha, foleni ikatokea kwenye TV, majina ya maduara yamejipanga. Watu wakapiga makofi. Nikamwandikisha Hamisi, nikabonyeza zamu yake.

SMS haikwenda.

Kwenye TV kubwa ya mpira, mbele ya kikundi kizima, likatokea kosa jekundu upana wa mlango. Mfumo unaitafuta ujumbe, hauioni.

Nikafungua folda ya ujumbe. Ilikuwa tupu. Si kwamba imepungua, hapana. Tupu kama mtungi wa maji Oktoba.

Hapo ndipo yale maandishi ya njano yalinirudia moja moja kichwani. Nikaelewa kila kitu kwa mara moja, na ningetamani kutoelewa.

Iko hivi, wakuu. Git ya nje ikikuta folda ambayo ndani ina git yake, haiingii. Inaiheshimu kama folda yenye mwenyewe. Kilichomo ndani haikichukui. Inachofanya ni kuandika namba tu, kwamba hapa kuna mradi mwingine, na hatua yake ya mwisho niliyoikuta ni hii. Basi. Unapush namba, kazi yenyewe inabaki ulipoiacha.

Mzee akanisogelea. Akaniuliza taratibu, "Kuna nini?"

Nikajaribu kueleza kwa lugha ya kazini. Niliona macho yake yanaondoka. Nikatazama pembeni kutafuta msaada, macho yakaangukia foleni ya karasha.

Nikamwambia, "Mzee, ni kama ndala. Ile folda haikuja. Imekuja ndala yake."

Wakuu, sijawahi kueleweka haraka namna ile maishani mwangu. Kikundi kizima kilielewa. Hamisi ndiye aliyesema kwa sauti, "Kwa hiyo tumekuita utuondolee ndala, umetuletea ndala nyingine."

Wakacheka mpaka mama ntilie akatoka kibandani kuuliza kuna nini. Mzee peke yake hakucheka. Akauliza, "Na mwenye ndala yuko wapi?"

Nikasema yuko kwenye laptop. Segese.

"Si ulisema kila kitu kiko juu?"

Nikaomba simu ipigwe nyumbani, mtu aniwashie laptop pale chumba cha wageni. Mzee akampigia mkewe, Mama Kabula, akaweka sauti kubwa kwa sababu ya kelele za karasha. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Mama akasema begi la mgeni alilikuta wazi na kuku wameingia, akalihamisha. Laptop iko chumbani kwake, juu ya kitanda, ameichomeka kwenye umeme.

Wale ambao si wa kwetu hamtaona tatizo. Nieleze.

Kwa wazee wa Kisukuma wanaoshika mila, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawaongei uso kwa uso. Ukimwona anakuja njia hii wewe unashika ile. Hiyo ndiyo heshima. Tangu nianze kufika pale Segese nilikuwa nimemwona Mama Kabula kwa mgongo tu, anaishia jikoni. Chakula chake nakijua vizuri, sura yake siijui.

Sasa kazi yangu, na ndoa yangu, viko juu ya kitanda chake. Kumtuma mtu aifuate na kurudi, watu wangekuwa wameshatawanyika na ndala zao. Kuiandika upya pale pale haiwezekani. Kabula nimempigia, hapokei, yuko dukani na wateja. Ikabaki njia moja, Mama Kabula mwenyewe aipush.

Nikamuuliza mzee, "Kwa simu naruhusiwa kuongea naye?"

Mzee akafikiri. Mila haijasema chochote kuhusu simu, lakini akaona asijitie matatani mbele za watu. Akasema, "Mambo hayajakamilika. Utaniambia mimi, nami nitamwambia."

Basi tukaanza. Mimi nasema, mzee anarudia kwenye simu, mama anafanya. Simu iko kwenye sauti kubwa, ipo katikati yetu. Mama ananisikia vizuri kabisa. Mimi namsikia vizuri kabisa. Lakini lazima mzee arudie.

La kwanza likawa password.

Nikamwomba mzee tusogee pembeni kidogo. Akasema pembeni mtandao hakuna. Nikamnong'oneza. Kisha akainua simu, na kwa sauti ya mwenyekiti anayefungua mkutano akasema, "Mama Kabula. Andika, kabulawangudaima. Yote pamoja."

Sitaki kueleza yaliyotokea kwenye mabenchi. Hamisi alianguka kutoka kwenye kiroba.

Mama akauliza, "Daima yenye herufi kubwa au ndogo?"

"Ndogo," nikasema.

"Ndogo," mzee akarudia.

Ikafunguka. Kwa upande wa intaneti, mama ana kitochi cha kupigia na smartphone ya WhatsApp, akawasha hotspot kwenye ile smartphone. Laptop ikaikumbuka yenyewe maana Kabula aliwahi kuniazima akaiunganisha pale kwao Krismasi. Huo ulikuwa msaada pekee niliopata kutoka mbinguni siku ile.

Mimi huku nikafungua haraka repo mpya mtandaoni ya kupokelea ile folda, nikaipa jina la herufi moja ili mama asipate tabu ya kuandika. Kisha tukaingia kazini. Lile dirisha jeusi la kuandikia amri nilishalipangia lijifungue lenyewe ndani ya foleni kila laptop inapowaka.

"Aandike cd, aache nafasi, aandike ujumbe, abonyeze Enter."

"Andika cd, acha nafasi, andika ujumbe, bonyeza hiyo kubwa ya pembeni."

Ilipofika mara ya nne hivi nikagundua jambo. Nikishamaliza kusema tu, tunasikia tak tak tak za vitufe. Mama ameshaandika. Halafu anasubiri kwa adabu mzee arudie, ndipo anasema, "Tayari." Mzee na yeye alisikia. Akaendelea kurudia.

Git add na nukta yake ikaenda. Ikafika commit. Nikamwambia mzee, "Hapa aandike git commit, alama ya kutoa, m, kisha afungue alama mbili za juu, aandike maneno yoyote mafupi, afunge. Ni maelezo ya kazi tu, aandike neno lolote."

Mzee akarudia. "Andika neno lolote."

Tak tak tak. Ikaendelea. Ikaendelea tena. Mzee akatazama simu kama anaweza kuona ndani yake.

"Mama Kabula, neno gani refu hivyo?"

"Si umesema lolote," mama akajibu.

Ikakubali. Tukaja kwenye push. Anwani ile ya mtandaoni ilituchukua muda, herufi kwa herufi, na kila herufi mzee anaipa jina la mtu wa kikundi ili isikosewe. Wenye majina wakawa wanaitika. Nikasema amalizie na main, jina la tawi la kazi. Ikakataa. Mama akasoma kilichoandikwa, mzee akanirudishia, nikajipiga paji la uso. Ile folda ni ya zamani, tawi lake linaitwa master. Tukarudia yote.

Karasha yenyewe walikuwa wameizima ili wasikie. Nilisikia jogoo anawika kwenye simu, kule Segese.

Mama akasema, "Kuna mistari inapita. Imefika mia kwa mia."

Mzee akanigeukia. "Imefika mia kwa mia."

"Mwambie wabeja sana," nikasema, nikimshukuru kwa Kisukuma.

Mzee hakurudia hilo. Mama akajibu mwenyewe, "Haya," akakata simu.

Nikaishusha ile folda mahali pake. Nikawasha mfumo. Nikamwandikisha Hamisi upya, nikabonyeza zamu.

Simu ya Hamisi ikalia mfukoni. Akaitoa, akaisoma kwa sauti: "Zamu yako imekaribia, leta viroba vyako karasha." Akaitazama mara ya pili. Kisha akainuka, akatembea mpaka kwenye foleni, akaokota ndala yake, akaivaa.

Wakuu, nimewahi kupongezwa na watu wenye vyeo. Hakuna pongezi iliyonigusa kama mtu yule kuvaa ndala yake.

Mmoja mmoja wakaanza kwenda kuchukua za kwao. Nikajua nimepona. Nikamtazama mzee, lakini mzee alikuwa bado amekunja uso.

Akasema mbele ya wote, "Umefanya. Lakini jana ulisema iko juu, haikuwa juu. Sasa hivi nitajuaje kama iko juu?"

Swali la haki kabisa. Nikamwambia nitamwonyesha historia yenyewe kama ilivyofika, kila hatua na maelezo yake. Nikaandika git log pale kwenye folda ya ujumbe, ikatokea kwenye TV.

Mstari wa kwanza kabisa, wa juu, ulisomeka hivi:

"kazi ya mkwe wetu nimeitunza mimi"

Sikuwa nimeufikiria ule ujumbe tena. Nilidhani ameandika majina ya kuku.

Wanaojua kusoma walisoma kwa sauti, wasiojua wakaambiwa. Pale wote ni watu wa heshima zao, wanajua uzito wa lile neno. Barua ya posa haijaletwa, wazee wangu hawajakanyaga pale, na mama mwenye nyumba ameshaandika mkwe wetu, mbele ya kikundi kizima, kwenye TV ya mpira.

Mzee akavua kofia. Akapiga simu tena.

"Mama Kabula, umeandika nini?"

"Nimeandika lolote."

Akakata simu. Akakaa kwenye benchi pembeni yangu, akanong'ona, "Hiyo inafutika?"

Nikamtazama usoni, nikasema, "Mzee, ikishapanda juu haifutiki."

Najua, wakuu. Najua force push ipo, ile ya kufuta historia kwa nguvu. Nyamazeni.

Hamisi akasema kutoka nyuma, "Mwenyekiti, wewe si ndiye uliyemwambia aandike?" Na hapo mzee Nkwabi akacheka. Alicheka polepole, mabega yakitikisika, mpaka akajifuta machozi kwa ile kofia. Kisha akasema, "Waambie wazee wako waje."

Nilitoka nikaenda nyuma ya ofisi nikalia kidogo. Sioni aibu kusema.

Sasa fundisho, maana hili ni jukwaa la kujengana.

Ukiwa na mradi ndani ya mradi, amua mapema. Kama ni kitu kimoja, futa ile .git ya ndani kabla hujaiadd, iwe folda ya kawaida. Kama ni miradi miwili kweli, ifanye submodule kwa utaratibu wake: mradi wa ndani uwe na anwani yake mtandaoni, na anwani hiyo iandikwe kwenye mradi wa nje, ili anayeshusha ajue mwenye ndala anakaa wapi. Ukibadilisha kitu, commit na upush wa ndani kwanza, ndipo uje wa nje. Na ukishapush, jaribu kuishusha upya mahali pengine uone kama imekuja yote. Usijaribu kwa mara ya kwanza mbele ya baba mkwe. Na maandishi ya njano, tuyasome jamani.

Kuna mwenzangu wa kazini ameshanishauri niifute tu ile .git ya ndani, foleni iwe kitu kimoja, nisihangaike na mambo ya submodule kila ninaposasisha. Kitaalamu ana hoja. Mfumo ungekuwa mwepesi.

Lakini nikiifuta, historia yake inakwenda nayo. Mimi na Kabula tumeshafunga ndoa, na mpaka leo sijawahi kuongea na mama yake uso kwa uso. Nikifika Segese bado naona mgongo wake unaishia jikoni. Maneno pekee aliyowahi kunielekeza mimi yako kwenye ile commit.

Kwa hiyo tunahangaika na submodule, na tutaendelea kuhangaika nayo.

Watu wa subtree, ile njia nyingine ya kuunganisha miradi bila kupoteza historia, najua mnakuja mbio kunielimisha, karibuni, viti vipo. Na wewe uliyewahi kupush ndala ukidhani umepush mtu, mwaga mkasa wako hapa chini tukusikie.